Huyu wa Buluu Hauzwi

Weka pochi mezani kwanza, Bwana Wasonga, nikuulize:
tangi lako ni la lita ngapi?
Sitini.
Basi kangaja huyo mtazame, msalimie, mwache.
Najua ana pezi la manjano mgongoni,
najua binti yako amemnyooshea kidole tangu mlangoni.
Lakini huyo ni mkimbiaji, anataka uwanja.
Kwako atageuka kabla hajashika kasi,
atageuka, atageuka,
mpaka siku moja asimame konani
uniletee mfukoni kuniuliza ana nini.

Sisi watu wa Kisumu tuna shida moja na samaki:
tumezoea kumjua akishanyamaza.
Mama yangu alikaanga mgongo wazi Obunga miaka kumi na minane.
Alipoingia hapa mara ya kwanza
alizunguka matangi yote, mikono nyuma,
akauliza, "Na hawa, kilo ni ngapi?"
Nikamwambia, mama, hawa bei yao ni ya kuangalia.
Alicheka hadi akakalia gunia la chumvi.
Hata chumvi yenyewe aliionja, akatema:
ziwa zima lipo hapo nyuma ya stesheni
na kwa hawa halifai hata kikombe.

Lita sitini ni chumba kimoja cha Nyalenda:
kitanda, jiko, pazia katikati.
Humo humweki mpiga tarumbeta.
Chukua hawa wawili wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe.
Ni wadogo, bado hawajaamua.
Mmoja atakula zaidi, atanenepa, atakuwa mke,
mwenzake atabaki mume, afuate nyuma.
Hakuna kikao, hakuna ng'ombe wa mahari.

Kisha, mwezi wa tatu, ukiwa na subira,
huyu wa madoa anayesimama mlangoni mwa shimo.
Shimo si lake. Kamba ndiye aliyelichimba,
na kamba mwenyewe haoni vizuri,
anasukuma mchanga huku sharubu moja
imegusa mkia wa mwenzake.
Mkia ukitikisika, wote ndani.
Nimewatazama mpaka chai ikashika utando.
Sijawahi kuona mmoja akimdai mwingine kodi.

Ni hao tu?
Ni hao tu.
Biashara yangu ingenona, ndiyo, kama ningekuwa na ulimi mwingine.

Na ukija kuongeza mgeni, hamisha mawe kwanza.
Mwenyeji aamke asiujue mpaka wake.
Usicheke. Baba na ndugu yake
waligombania safu moja ya mkonge kule Seme
hadi mmoja akazikwa,
na mkonge bado unachanua.

Kile chombo nyuma ya kaunta?
Huyo wa buluu hauzwi.
Kidole gumba tu, mtazame.
Ndiye niliyemnunua wa kwanza kabisa,
kwa kuwa alikuwa rahisi, na alikuwa mzuri, na sikuwa na wa kuniuliza
kama ninavyokuuliza wewe.
Nikamletea wenzake watano kwa basi la usiku,
nimewapakata kwenye boksi kama mtoto mgonjwa.
Pasaka ilipofika alikuwa amebaki na maji yake.
Hakuwala. Aliwanyima usingizi tu,
kila jiwe walilosogelea lilikuwa lake.

Ni miaka saba sasa.
Stima ikipotea, yeye ndiye ninayempelekea betri kwanza.
Asubuhi nikifungua huja mbio hadi kwenye kioo,
anagonga pale kilipo kidole changu, anagonga tena.
Mke wangu husema ni mapenzi.
Mimi nadhani ananifukuza.

Haya, tuendelee.
Maji yako yana wiki ngapi tangu uyachanganye?
Mbili?
Chukua pochi yako, Bwana Wasonga.
Rudi Agosti.