Chumvi, Nusu Kijiko

Walipoutoa utumbo mpana, daktari wa Calama
alinichorea nyuma ya bahasha:
hapa ndipo maji yalipokuwa yakinyonywa,
hapa sasa hapana kitu.
Nikacheka. Mshono ukaniuma.
Miaka kumi na tisa nimeendesha lori la mgodi
katika jangwa ambalo bibi yangu alizeekea
bila kuona mvua ya kulowesha leso,
leo ndiyo nifundishwe ukame?

Maji matupu hayakai.
Hupita mbio kama mgeni asiyevua viatu,
yakajaza mfuko ubavuni
yakaondoka na nguvu zangu, bila kuaga.

Jumanne ya tatu nilipanda ngazi nne,
ya tano nikaiketia.
Si maumivu. Utupu.
Vidole vya miguu vimejikunja vyenyewe,
mkojo rangi ya chai iliyolala,
na mtungi wa lita tatu nimeumaliza!
Hernaldo akasema, "Kunywa tena."
Yasna, muuguzi, akasema kwenye simu, "Acha hayo.
Chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko sita,
maji lita moja.
Funda, kisha funda. Usigugumie."

Chumvi! Huku kwetu chumvi ndiyo ardhi.
Tunaikanyaga, inakula rangi ya milango,
baba alikuwa akiitema kila jioni akivua buti.
Sikujua kuwa maji hayavuki kizingiti cha mwili peke yake,
kwamba chumvi na sukari huyashika mkono
yakaingia.

Sasa naishi kwa mafunda.
Saa nne asubuhi nina nguvu za mtu mzima,
saa nane nina za mtoto mwenye homa.
Nazipima kama mafuta ya tangi:
kuoga, robo.
Kumenya viazi, kidogo tu.
Kuzungumza na dada yangu Griselda, nusu tangi.
Natania. Si sana.

Jana nilitembea hadi mto Loa,
mwembamba, rangi ya udongo,
unaolivuka jangwa lote bila haraka.
Nilikuwa na chupa yangu mfukoni,
ladha yake kama machozi yaliyotiwa sukari.
Nikanywa funda.
Nikangoja, mkono juu ya mfuko,
kama anayesikiliza mlango.

Likakaa.