Boneti

Pikapu ya Orrin niliiuza mwezi wa tatu,
hospitali ilipoleta bili ya nne,
nikabaki na pete, na nyumba, na kigari cha bluu
ambacho ukikipakia magunia mawili ya viazi
kinaburura tumbo kama paka mwenye mimba.

Huku kaskazini ya Minesota
asiye na pikapu ni kama asiye na koti.
"Sasa utafanyaje?" wakaniuliza kanisani, wakimimina kahawa.
Nikasema nitafanya. Basi.

Nimefanya.
Mbao za futi nane hulala juu ya paa,
blanketi chini, kamba kupitia madirishani,
nawe uendeshe polepole, mkono mmoja nje,
kana kwamba mkono wa ajuza
utazizuia mbao zikishaamua kuruka.
Duka la vifaa hukodisha lori kwa saa:
dola kumi na tisa, mafuta juu yako,
na saa yenyewe ina miguu ya sungura.
Samadi ya farasi niliileta kwa beseni, safari kumi na moja,
vioo wazi, kichwa nje.
Kabati la mama lilikuja ndani ya basi la shule
kwa kuwa Darlene Niskanen, dereva, hapendi maswali
na anapenda mkate wangu mweusi.

Lakini jiko la chuma la Toivo Lahti!
Ratili mia mbili na themanini.
Dola arobaini, "ukilichukua mwenyewe."
Bei imo katika hilo *mwenyewe*.
Kwa barabara ni maili kumi na tisa, kulizunguka ziwa.
Kwa macho, paa lake naliona nikiosha vyombo.

Mpwa wangu Curtis ana pikapu. Nilimwomba.
Akasema Jumamosi. Zikapita Jumamosi nne,
kila moja na udhuru wake uliopigwa pasi.
Simlaumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na nani akatize usingizi kwa ajili ya usufi?

Januari, ghalani, nikitafuta koleo,
nikaikuta boneti:
ile ya zamani, Orrin aliyoibadilisha alipogonga kulungu.
"Siku moja itafaa," alisema,
nami nilimcheka miaka tisa.
Nikaigeuza chali. Pua yake ikajikunja juu
kama kiatu cha mcheza sarakasi.
Nikaitoboa matundu mawili. Nikapitisha kamba.

Ziwani nilichimba shimo kila hatua hamsini:
inchi kumi na nne, kumi na nne, kumi na tatu.
Yatosha.

Toivo aliitazama boneti kwa muda.
"Si ya Orrin hii?"
Nikasema ndiyo.
Akavua kofia, kwenye baridi ile,
akaivaa tena, akaleta mtaimbo na mabomba ya kuviringishia,
na jiko lilipokwisha kukaa
akajitia kamba begani, yeye na miaka yake sabini na moja,
bila kusema neno kuhusu *mwenyewe*.
Mjukuu wake Aili akasukuma nyuma,
akilalamika, akiteleza, akicheka.

Katikati barafu ikanguruma chini yetu,
ndefu, kama mtu anayegeuka kitandani.
Nilisimama. Toivo hakusimama.
"Ikinguruma inajipanga," alisema.
"Ikinyamaza ndipo uombe."

Tukafika giza likiingia. Tukashindwa na ngazi za mlangoni.
Jiko likalala uani siku mbili, juu ya boneti, chini ya turubai,
nami usiku nilichungulia dirishani zaidi ya mara moja,
sijui nikimtazama nani.

Jumamosi akaja Curtis, pikapu tupu inang'aa,
glavu mpya mkononi.
"Haya, shangazi. Tunabeba nini, toka wapi?"

Ngazi tatu, nikamwambia.
Anza na hii ya chini.