Usiiguse

Haroub kaisimamisha simu juu ya kinu nilichokipindua,
kasema: Shangazi, usiiguse. Ipungie tu.
Itausikia mkono wako.

Niko Jadida, Wete, miguuni pa bibi harusi,
hina imenikaa mpaka ndani ya kucha,
na maua anayoyataka yamo kwenye kioo
ambacho wiki nzima nakisukuma kwa kiwiko,
kwa pua, juzi kwa kidevu.

Inatoa sauti, kaniambia, nyembamba kupita masikio yetu.
Inakwenda, inagonga vidole, inarudi.
Kwa inavyorudi inajua kidole kiko wapi,
kinakuja au kinakwenda zake.

Kumbe ni mimi na mama yako, nikasema.
Yeye chumbani, mimi uani:
Wee Time! — Abee!
Kwa abee ile najua kasimama mlangoni
au kashajilaza.

Nikapunga.
Picha zikashika mbio:
waridi, korosho, mikono ya harusi ya mwaka juzi,
risiti ya unga,
waridi tena, hazikamatiki.
Haroub akatazama juu.
Pangaboi!
Simu ilikuwa ikilisikia pangaboi,
kila panga ikidhani mkono wangu,
na mimi sijawahi kuwa na haraka hiyo.

Lizimeni. — Na joto hili?
Hina itachuruzika, alaumiwe nani?

Mlangoni Mchanga, miaka minne, kaziba masikio.
Inalia, anasema. Inalia kama mbu.
Tukanyamaza, tukasikiliza.
Hatukusikia kitu, si mimi, si Haroub aliyeitengeneza.

Kisha umeme ukakatika, bila ya hodi.
Pangaboi likazunguka kwa uvivu,
likazunguka,
likasimama.

Nikainua kidole kimoja.
Ua likainuka.
Nikasita, likasita.
Nikakivuta kidole kwangu taratibu, kama navuta uzi sindanoni,
likaja karibu hata nikaona mishipa ya jani.
Miaka ishirini na sita nachora juu ya ngozi,
sikujua kwamba hewa nayo
ina pa kushikia.

Bibi harusi akacheka, mguu ukatikisika,
mstari ukaenda kombo. Nikaugeuza kikonyo.

Tulikuwa kwenye ua la tatu
Mchanga alipotoa vidole masikioni
akaenda zake kucheza.
Ndipo tukageuka kuitazama simu:
kioo cheusi, chaji imekwisha.

La nne nimelichora kwa kichwa.