Bisibisi

Mwezi wangu wa kwanza alinipa daftari tu.
"Andika nani hajalipa," akasema Bwana Kithinji,
na kuandika si dhambi, hata mwalimu huandika.
Nikapanda ngazi za Pipeline, ghorofa saba,
maji ya nguo za watu yakinidondokea kisogoni,
nikaandika kwa hati nzuri niliyofundishwa Mwingi.

Mwezi wa pili, kufuli.
Kufuli ni chuma, halina moyo;
mwenye moyo ni aliyelinunua, nami sikulinunua.
Akanipa na koti la kijivu, jina la kampuni mgongoni.
Ajabu ya koti hilo: sauti yangu ilishuka,
na watu niliowaamkia jana wakaanza kuniamkia.

Barua ya mahakama sikuwahi kuiona.
Sikuuliza. Ukiuliza la leo
itabidi uulize la kufuli, na la daftari,
ushuke ngazi zote ulizopanda
ukitazamana na wale uliowapita.
Afadhali kupanda.

Kisha bisibisi.
"F kumi na tisa. Ng'oa mlango. Lawama ni yangu."
Neno hilo, lawama ni yangu, lilinikaa tumboni
kama uji wa moto asubuhi ya Julai.

Nasimiyu hakupiga kelele. Hilo sikulitarajia.
Alisogeza jiko nisije nikalikanyaga.
Majirani walichungulia, kila mmoja akimtazama mwenzake
aone kama hili ni jambo la kusemwa;
na kwa kuwa hakuna aliyesema, halikuwa jambo.

Nilifungua bawaba ya juu. Ya kati.
Skrubu moja ikaponyoka, ikabingirika chini ya kitanda.
Mtoto wake, labda miaka sita,
sare ya shule, soksi mguu mmoja,
akatambaa akaitafuta,
akaniletea kwa mikono miwili
kama tunavyofundishwa kumpa mkubwa.
"Shika, afande."

Afande!
Mimi Musyimi, ninayedaiwa kodi ya miezi miwili kule Tassia,
ninayezima taa nikisikia viatu kwenye korido.

Niliipokea. Nikasema asante.
Nikamalizia bawaba ya chini.

Sikujua mlango ni mwepesi hivyo.
Niliubeba kichwani ghorofa zote saba,
na kila niliyekutana naye kwenye ngazi
alijibana ukutani, akanipisha.