Bidhaa Isiyo na Kontena

Miaka ishirini na tisa naisukumia mizigo karatasi,
chumba kimoja, ghorofa ya pili, nyuma ya Makupa.
Saruji, nondo, vigae, vyoo vya kukalia
na mabomba yake,
vyote vimepita mezani pangu kwenda Kigali.
Choo kilivuka mipaka kwa siku nne.

Binti yangu Mbeyu, mhandisi wa majitaka,
ajuaye choo hicho kinamwaga wapi,
alingoja miaka sita.

Aliandikiwa: lete cheti.
Akapeleka. Akaandikiwa: lete cheti cha kuthibitisha cheti.
Nikamwambia, mwanangu, laiti ungekuwa sinki,
kesho asubuhi ningekutoa bandarini.
Hakucheka.

Kisha wakubwa wa nchi wakaketi, wakatia saini,
na saini nayo ikalala,
sisi twajua karatasi zilalavyo,
hata Jumatano moja simu yake ikalia kati ya chakula.
Cheti cha huku kimekubaliwa kule.
Wali ulipoa.

Sasa anachora mitaro ya mtaa mzima wa mlimani
akiwa Tudor, dirisha wazi, leso begani,
na mara moja kwa mwezi huenda kuukanyaga udongo wenyewe.
Mchoro hauna tani.
Haupandi mizani ya Mariakani.
Nimeutafuta katika vitabu vyangu vya ushuru, haumo;
ila karo ya mdogo wake imelipwa,
na vijana wawili wa Kisauni wana mshahara.

Mlango, lakini, hauna upande mmoja.
Byaruhanga naye kaja, mhasibu, kutoka Mbarara,
kaweka meza kwenye ukumbi wetu huu huu.
Hesabu za mwezi azimaliza kwa siku tatu.
Mpwa wangu Mwero, aliyekuwa akizimaliza "wiki ijayo",
kanuna, katukana, kisha kajiandikisha masomo ya jioni.
Vitabu vyangu nimempa Byaruhanga, sijifichi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
Mwero hajapona bado,
hajanisalimu tangu Ramadhani.

Na fundi Chengo,
ambaye vidole vyake vyaisikia bomba ikivuja chini ya sakafu,
hana cheti cha kukubaliwa wala cha kukataliwa.
Jana kaniuliza:
mpaka ukifunguliwa, asiye na karatasi je?

Maswali ya karatasi ndiyo kazi yangu.
Hilo sikuwa na muhuri wake.
Mbeyu alikuwa mlangoni, akavuta kiti:
"Kaa, fundi. Nieleze ulivyoiunganisha ile ya Mikindani,
tangu mwanzo, polepole."
Akafungua daftari.