Ng'ombe wa Tisa

Kazi yangu ilikuwa kijiti.
Nilikaa juu ya jiwe la kivuko, kisu mkononi,
na kila ng'ombe aliyevuka maji
nilimkatia alama moja.
Sikuwa na ndevu. Sikuwa na upande.
Mtoto wa msagaji husaga shayiri ya kila mtu,
ndiyo maana koo zote mbili ziliniamini.

Mwamuzi alikuwa amesema:
roho ya Ewani, mwana wa Kormaki, ni ng'ombe tisa,
watatu kila mwaka, siku ya Mtakatifu Martini,
hadi damu inyamaze.
Aliyeua alikwisha kimbilia Ayalandi.
Mdogo wake, Torkili wa wana wa Dunslevi,
ndiye aliyeachiwa fimbo ya kuswaga.

Na kwa kuwa mzee Kormaki aliapa
kutotazama uso wa Mdunslevi hadi kaburini,
alimtuma binti yake ahesabu.

Mwaka wa kwanza Marsali alishika pembe,
moja baada ya moja, kama mtu anayekagua milango.
"Watatu," akapaza sauti kuelekea mlimani,
walikoketi wenye mikuki.
Hakumtazama. Na yeye alitazama maji.

Mwaka wa pili mvua ilikuwa ya kulala.
Torkili akasema, kwa ng'ombe, si kwake:
"Huyu mwekundu hatoi maziwa asipoimbiwa."
Marsali akauliza, naye pia kwa ng'ombe:
"Aimbiwe nini?"
Basi akaimba, jamani, magoti majini,
sauti ndogo ya kufichwa chini ya mvua,
beti tatu, na mimi kisu kikanisahau.
Majira yote ya baridi, wasichana wa Kormaki
walishangaa Marsali alipoutoa wimbo ule.

Mwaka wa tatu kulikuwa na ukungu.
Mlima haukuonekana, ila ncha za chuma.
Wa saba akapita. Wa nane akapita.
Wa tisa, mweusi, mwenye mimba,
alipita katikati yao wawili,
ubavu wake ukaacha tope kwenye gauni.
Deni lilikuwa limekwisha.
Niliona jinsi lilivyokwisha, usoni mwake:
kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Akageukia mlima.
"Wawili!" akapaza. "Mmoja amepungua!"

Mikuki ikainuka.
Kwao neno hilo lilitosha kuchoma mapaa
kuanzia kivukoni hadi baharini.
Torkili akamtazama ng'ombe mweusi,
aliyekuwa anakunywa maji taratibu, hana habari.
Kisha akamtazama Marsali, mara ya kwanza bila kuiba.
Kwao mwizi wa deni hazikwi na babu zake.
"Kweli," akasema, kwa sauti ya kufika juu.
"Nimepunja. Nitamleta mwakani."

Walishuka wakataka kijiti.
Nikakata mbili.
Mkono wangu haukutetemeka; ulitetemeka baadaye,
usiku, nilipomfunga mweusi nyuma ya kinu
nikimwambia babangu kwamba ametangatanga.

Mwakani hakuna aliyeleta wala aliyehesabu.
Alfajiri ya Martini nilikuta kamba imefunguliwa
(haikukatwa, ilifunguliwa, fundo la mkono wa kike)
na nyayo tope jipya:
za kwato kubwa, za kwato ndogo, za watu wawili,
zikipanda bila kuelekea kwa Kormaki
wala kwa Dunslevi.

Sasa ni mzee, na koo zile bado zinabishana.
Hawa wanadai ng'ombe. Wale wanasema
binti amelipia ng'ombe, na chenji imebaki.
Kila wakitaka kupigana, huja kwangu kwanza.
Nawatolea kijiti. Wanahesabu nane.
Wanakuna vichwa, wanakunywa bia yangu, wanarudi.

Pale pa alama ya tisa
nimepasugua kwa kidole gumba miaka arobaini.
Pamekuwa laini kama pembe.
Hata ningetaka leo, kisu kingeteleza.