Kamba ya Jabalini

Siku ya kumi na moja, sauti yangu imeota kutu.
Nimeongea na kayaki tu,
na sili mmoja anayenifuata tangu Sandoy
kama mdai asiyetaka kelele.

Kijitabu cha mikondo kimelowa;
saa nane imegeuka doa la wino.
Basi nakisia. Maji yakivuta kaskazini, navutwa;
yakigeuka, najibanza nyuma ya mwamba
nahesabu malengelenge:
kushoto manne, kulia sita,
moja limepasuka, likanifunza tusi jipya.

Jabali la Faroe halina ufuo wala huruma.
Mita hamsini za jiwe jeusi,
kinyesi cha ndege, ukungu,
halafu, juu kabisa, kichwa cha mtu,
na kando yake cha kondoo.

"Binti wa nani?"
Si jina langu. Si nitokako.

"Wa Hanus! Hanus wa Sumba!"

Kimya. Vichwa vyote viwili vikatoweka.
Nikashika kasia, nimekwisha kuhukumiwa
kwa deni nisilolijua.

Kisha kamba ikashuka, ile ya wawinda ndege,
ikiyumba, ikigonga jiwe,
na ndani ya ndoo: mkate, chupa ya kahawa,
soksi za sufu, moja kisigino kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Mwambie Hanus," sauti ikafuata, "tumelipana!"

Baba ana miaka tisa kaburini.

"Nitamwambia!" nikapaza,
nikazivaa soksi,
zingali na joto la miguu ya mtu.